Swali la Tisa

Jumatatu, 2 Machi

Nimepata kazi. Ni ya msimu huu wa mvua tu, miezi mitatu, lakini baada ya miaka miwili ya kukaa kwa kaka nikiulizwa kama chumvi imekolea, miezi mitatu naiona mingi. Lile tetemeko dogo la Januari lilivunja vikombe na kupasua kuta mbili tatu. Wataalamu wamesema kubwa zaidi linaweza kuja, hawajui lini. Sasa ofisi ya mtaa inataka kujua kila kaya imejiandaa vipi. Kuna fomu yenye maswali kumi na mawili, na mimi nimepewa kaya sitini.

Msimamizi wetu ni kijana mwenye kitambulisho shingoni na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Kasema anayejibu ni mkuu wa kaya peke yake. Si mke, si mtoto, si mtu wa chumba cha nyuma. Kama hayupo, turudi jioni. "Tukianza kumsikiliza kila mtu hatutamaliza," alisema, nami nikaandika hivyo hivyo kwa mwandiko wangu. Nilikuwa karani wa posta miaka kumi na tisa. Kwa mwandiko hawanipati.

Tumegawiwa madaftari mawili mawili. Moja ni la kazi. Hili nimelichukua la kusemea yangu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nyumba nne. Viatu vimekwisha kazi.

Ijumaa, 6 Machi

Watu wanapenda kuulizwa maswali, hilo nimeliona. Wananipa kiti kizuri, watoto wanafukuzwa, mkuu wa kaya anakaa sawasawa kama anapigwa picha. Na wote wako tayari. Sijaona mtaa uliojiandaa kama huu. Bwana mwenye duka la rangi aliniambia makabati yote yamefungwa ukutani na maji ya akiba yapo ya siku tatu. Nikamuuliza maji yenyewe yako wapi, maana fomu inataka hivyo. Akageuka akamwita mkewe: "Mama, maji yetu ya akiba yako wapi?" Mke akajibu kutoka jikoni, "Maji gani?"

Nikaandika ndiyo, kwa sababu mkuu wa kaya alisema ndiyo.

Jumatano, 11 Machi

Leo ilikuwa zamu ya nyumba namba ishirini na tatu, yaani sisi.

Kaka alirudi kutoka kazini ghalani, akaoga, akala, akavaa shati safi. Kuniambia mimi, dada yake wa tumbo moja, majibu ya fomu, akavaa shati safi. Wifi alikaa pembeni anahesabu vifungo vya dukani kwake, akacheka kidogo, kisha akajikausha. Dada wa kazi alikuwa anatoa vyombo. Mama amempa jina la Kimya kwa sababu anaweza kukaa kutwa nzima asiseme maneno kumi, na sasa sote tunamwita hivyo, mwenyewe hakatai. Mama alikuwa chumbani kwake. Chumba cha mama kinafungukia sebuleni, hakina mlango, kina pazia tu.

"Watu wangapi?" nikauliza.

"Wanne."

"Na Kimya?"

"Huyo ni wa kazi."

Nikaandika wanne. Maji ya akiba yapo. Makabati yamefungwa, yote. Mahali pa kukutania ni nje, mbele ya nyumba. Tukafika swali la tisa: je, katika kaya yuko mtu asiyeweza kutoka nje haraka bila kusaidiwa?

Mama ana miaka sabini na tisa. Alivunjika nyonga mwaka juzi, anatembea kwa mkongojo, na kutoka kitandani mpaka mlango wa mbele unaweza kuchemsha chai ukainywa. Kitanda chake kiko ubavuni mwa kabati la marehemu baba, refu linagusa dari, mbao nzito nyeusi, na ukiligusa kwa kidole linayumba. Hakuna msumari hata mmoja. Kaka anajua. Alishawahi kutia kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja ili lisiyumbe.

"Hapana," kaka akasema.

Nilimtazama. Yeye alitazama karatasi. Nikaandika hapana.

Nimekasirika na sijui namkasirikia nani zaidi. Ninakula kwake, ninalala kwake, mume wangu alipofariki ni yeye aliyekuja na lori kunichukua. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 12 Machi

Nyumba mbili. Mvua ya mawe.

Jumapili, 15 Machi

Sikuandika kitu. Nimefua.

Alhamisi, 19 Machi

Leo limepita tetemeko dogo, saa nane mchana, na limenikuta mahali ambapo sikutegemea kujifunza chochote.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro kuna safu ya vyumba vitano vya kupanga. Tuna mlango wa uani unaotazama kule, lakini kaka aliufunga kwa kufuli tangu zamani. Anasema wale watu wana mazoea. Kwa hiyo kwenda kwa majirani walio hatua ishirini kutoka dirisha la mama, nimezunguka mtaa mzima na mwavuli.

Chumba cha kwanza anakaa fundi viatu, na mbele yake ndipo anapofanyia kazi. Nikamuuliza kama kabati limefungwa ukutani. Akaniambia mwenye nyumba amekataza misumari. Msumari mmoja tu na unafungasha virago. Lakini akanionyesha: wamefunga rafu kwa mikanda ya viatu chakavu kwenye nondo za dirisha. Vyumba vyote vitano. "Nondo ni zake, mikanda ni yangu," akasema. "Hajakataza mikanda."

Ndipo ardhi ikatikisika. Mimi niliganda kitini na fomu yangu. Fundi alishaacha nyundo. Msusi wa chumba cha tatu akatoka na mteja wake nusu kichwa kimesukwa, mteja akasimama katikati ya uchochoro bila kuambiwa, na msusi na fundi wakaingia chumba cha nne wakatoka na mzee asiyeona, huku na huku wamemshika kwapa. Likaisha. Mzee alikuwa nje kabla mimi sijanyanyuka.

"Nani aliwafundisha?" nikauliza.

"Afundishe nani?" fundi akasema. "Mzee ni wetu. Sisi tupo mchana, wanawe hawapo. Tukakubaliana nani ashike mkono upi, maana mara ya kwanza tulimshika wote mkono mmoja tukataka kumng'oa." Mzee akacheka.

Nilirudi nyumbani kwa kuzunguka tena, nikiwaza mambo mengi. Nilimkuta mama ameketi kitandani, Kimya yuko pembeni yake, hakuna aliyesogea. "Mmeogopa?" nikauliza. Mama akasema limekuwa dogo.

Jumatano, 25 Machi

Nimeanza kufanya kitu ambacho sikuambiwa. Nikimaliza na mkuu wa kaya, naomba maji ya kunywa, na atakayeniletea maji namuuliza maswali mawili matatu jikoni. Majibu nayaandika pembeni mwa fomu.

Leo nilikuwa kwenye nyumba kubwa ya daktari. Kwenye friji kuna karatasi ya maelekezo yenye picha za rangi. Daktari alinionyesha orodha ya begi la dharura: tochi, dawa, redio, biskuti, filimbi. Nilimwonea wivu. Kisha mpishi wake akaniambia begi linakaa kwenye buti la gari, na gari linaondoka na daktari saa kumi na mbili asubuhi. Wanaobaki ni yeye na watoto wawili. Nikamuuliza kama amewahi kumwambia daktari. Akaniambia, "Ataona namfundisha."

Nyumba arobaini na moja sasa. Nilidhani nitakuta wenye uwezo wamejiandaa na wasio na uwezo hawajajiandaa. Sivyo ilivyo. Uwezo unasaidia kununua skrubu, hilo kweli. Lakini kuna nyumba skrubu zipo kwenye droo mwaka mzima kwa sababu mke anamngoja mume aseme, mume anangoja mwenye nyumba, mwenye nyumba hapokei simu.

Alhamisi, 2 Aprili

Msimamizi kaniita. Kaweka fomu zangu mezani.

"Mama, hizi pembeni ni nini?"

"Majibu."

"Majibu yanakaa kwenye visanduku."

"Hayo ya kwenye visanduku ni ya watu wanaoshinda kazini. Haya ni ya wanaoshinda nyumbani. Tetemeko likija mchana, utamtaka nani?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilijiandaa kufukuzwa, hata nikaanza kuhesabu siku nilizofanya kazi. Akasoma fomu ya daktari mpaka mwisho, pembeni na yote. Kisha akasema pembeni haziwezi kwenda makao makuu, kompyuta haizijui, lakini niendelee, ila kwa penseli.

Nilimdharau bure yule kijana.

Jumanne, 7 Aprili

Nimepiga moyo konde, nimemwambia kaka kuhusu kabati. Nilimvizia akiwa ameshiba.

"Nitalishughulikia likizo ya Desemba," akasema.

"Huu ni Aprili."

"Lile kabati aliliweka baba pale. Miaka arobaini halijaanguka."

"Hata mimi sikuwahi kuteguka mguu mpaka siku nilipoteguka."

Wifi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda seremala aje tu alitazame. Kaka akamkata jicho. Wifi akarudi kwenye vifungo vyake. Wifi ni mtu mzuri, lakini katika nyumba hii sauti yake na yangu tukizijumlisha hazifiki nusu ya kukohoa kwa kaka.

"La muhimu," kaka akasema, "mama asitiwe hofu. Mtu mzima wa miaka ile, unamwambia mambo ya nyumba kuanguka, atalala vipi?"

Hapo tulikubaliana. Mama asiambiwe kitu.

Alhamisi, 9 Aprili

Asubuhi nilikuwa nafunga viatu. Kimya anafagia. Akasimamisha ufagio.

"Shangazi," akasema, "nyumba zote unauliza watu wa jikoni. Bibi hujamuuliza."

Akaendelea kufagia. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyosikia kwake tangu aje.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilingoja kaka na wifi watoke. Mama alikuwa kitandani anakunja taulo. Alifua shuka za hospitali miaka thelathini, na hata leo akikunja kitu pembe zake zimenyooka kuliko rula.

"Mama, nina maswali ya ofisi."

"Nilidhani wanamuuliza mkuu wa kaya."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulisema mezani. Nina nyonga mbovu, masikio mazima."

Nikamsomea la kwanza. Akajibu kuliko mtu yeyote niliyemhoji. Anajua pipa lipi lina maji safi na lipi lilishaota ukungu. Anajua swichi kubwa ya umeme iko nyuma ya mlango wa stoo. Anajua mlango wa mbele ukinyeshewa unavimba, haufunguki kwa kuvutwa mara moja, na kwamba kaka amelisahau hilo kwa sababu yeye hutoka umeshafunguliwa. Nilikuwa naandika mbio. Nikafika la tisa, nikasita.

"Hilo lilishajibiwa," mama akasema.

Nikaishusha kalamu.

"Nilikuwa hapa hapa, nyuma ya pazia. Ukauliza. Kaka yako akasema hapana. Nikangoja. Nikasema moyoni, huyu binti yangu atasema kitu. Nikasikia kalamu."

Nikainamia fomu. Yeye akachukua taulo lingine.

"Sikukasirika. Nilisema tu, kama simo kwenye hesabu, basi nijihesabu mwenyewe. Nimeshapanga."

"Umepanga nini?"

"Likija kubwa, mimi nabaki. Nitavuta shuka nijifunike uso, sipendi vumbi. Kimya atatoka. Nimemlisha kiapo. Alikataa siku mbili, nikamwambia nitamrudisha kwao, ndipo akaapa."

"Na kabati, mama?"

"Kabati litasaidia mambo yasichukue muda."

Nililia. Nina miaka arobaini na tisa, nimezika mume, na nimelia mbele ya mama yangu kama mtoto aliyevunja sahani. Akaniacha nilie. Kisha akasema niondoe fomu, wino utachuruzika.

Nilimwomba abadilishe mpango. Nilimwambia tutambeba. "Nani?" akauliza. "Nitajie." Nikataja kaka, kaka yuko ghalani mpaka saa kumi na moja. Nikajitaja mimi, mimi niko kwenye nyumba za watu. Wifi yuko dukani. "Anabaki Kimya," mama akasema, "na Kimya ukimpulizia anapepea. Atanikokota mpaka hapo mlangoni, tutaanguka wote. Mama yake kamleta hapa afanye kazi. Hakumleta afe na mimi. Sasa niambie kosa langu liko wapi."

Wiki zote hizi nimezunguka mtaa nikiwasuta watu moyoni kwamba hawawaulizi wanaoshinda nyumbani. Kumbe nami nilikubaliana na kaka kwa kichwa kizima: mama asitiwe hofu. Hofu alikuwa nayo peke yake, wiki nne, nyuma ya pazia.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemleta seremala saa nne asubuhi. Sikuomba ruhusa. Aligonga ukuta, akasikiliza, akasema huu ni imara, akalifunga kabati kwa vyuma viwili na skrubu nane ndefu. Ukuta wa upande wa jikoni aliugonga pia akasema si mbaya. Tukahamishia kitanda huko, mbali na kabati. Seremala alisema kabati hili sasa tukihama tutaliacha na ukuta wake.

Kaka alirudi, akaona vumbi la matofali sakafuni.

"Nani kaamua?"

Nikafungua mdomo, lakini mama alinitangulia kutoka chumbani. "Mimi. Njoo."

Akaingia. Walizungumza muda mrefu. Sauti ya kaka ilianza juu, ikashuka, ikapotea kabisa. Alipotoka alikaa mezani, akashika paji la uso.

"Niliona aibu," akasema. "Mama yetu alikuwa anabeba mabeseni mawili ya shuka mbichi, moja kila mkono. Sikutaka karani wa mtaa aandike kwamba hawezi kutoka mlangoni."

"Karani wa mtaa ni mimi, kaka."

"Najua."

Tukacheka kidogo, kisha tukaacha. Miaka yote nimemwona mtu mgumu. Ni mtu mwenye aibu, na hakuna aliyewahi kumuuliza aibu ya nini.

Alhamisi, 16 Aprili

Kaka ameomba ruhusa ya asubuhi kazini. Amefungua kufuli la mlango wa uani, ambalo lilikuwa na kutu mpaka likapigwa nyundo. Akavuka uchochoro kwa miguu yake mwenyewe kwenda kwa fundi viatu. Mimi na wifi tulichungulia dirishani. Alisimama muda mrefu akitazama viatu vilivyoning'inizwa kana kwamba anataka kununua. Mwishowe nikamwona fundi anamvutia kigoda.

Alirudi akasema, "Wamekubali. Wanasema walikuwa wanamfikiria mama kila likipita, ila mlango ulikuwa na kufuli."

Jumapili, 26 Aprili

Mazoezi ya tatu. Fundi amefunga mikanda kwenye kiti cha jikoni, miwili ya mabega na mmoja wa kiuno. Yeye anashika nyuma, msusi anashika miguu ya mbele, Kimya anatangulia kufungua mlango wa uani. Mara ya kwanza walichukua dakika nne na kumgongesha mama kwenye fremu ya mlango. Leo haikufika dakika moja na nusu.

"Mnanibeba kama gunia la vitunguu," mama akasema.

"Vitunguu havisemi hivi, bibi," msusi akajibu.

Kila mtu alifurahi. Kaka alishika saa, na nadhani angetupigia na filimbi angekuwa nayo. Lakini jioni, nilipomsaidia mama kuvua viatu, aliniambia polepole: "Mazoezi ni mazoezi. Siku yenyewe nitaamua mimi. Kuta zinaanguka, niwaite watoto wa wenzangu waingie ndani? Kiapo cha Kimya kiko pale pale."

Nilimwambia wenyewe wamekubali. Akasema mtu hukubali siku ya jua. Mama ana kichwa kigumu, na nimekirithi, kwa hiyo najua hakifunguki kwa kugongwa.

Ijumaa, 1 Mei

Nyumba hamsini na nne. Mvua inapungua.

Jumatano, 6 Mei

Limekuja. Saa nne na robo asubuhi. Naandika nimekaa nje, kalamu ya kuazima.

Nilikuwa nyumba ya hamsini na saba, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Halikuanza kwa kutikisika, lilianza kwa mlio, kisha sakafu ikaniondoka. Mimi na mwenye nyumba tulitambaa chini ya meza tukashikana mikono, mtu ambaye nilikuwa namjua kwa dakika kumi. Lilipotulia nikatoka nikakimbia. Sijakimbia tangu nilipokuwa msichana. Vumbi limejaa, waya za umeme zimelegea mpaka chini, watu wamesimama katikati ya barabara wanaitana. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Mama, subiri, mama, subiri," na sijui nilimtaka asubiri nini. Nilikuwa na hakika amevuta shuka.

Nilipita uchochoroni kwa sababu ndiyo njia fupi. Mama alikuwa pale, katikati, kwenye kiti cha jikoni, mikanda bado imefungwa, miguu mitupu, nywele nyeupe kwa vumbi. Alikuwa anamwambia mzee asiyeona asiegemee ukuta. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Ilikuwa ya baridi.

Fundi viatu ndiye aliyenisimulia kwanza. Walisikia sauti ya mama dirishani, inaita fundi, inaita msusi, inaita kila mtu kwa kazi yake. Wakaingia kwa mlango wa uani. Walikuwa wameshafika naye uchochoroni pale mtikisiko wa pili ulipokuja, na ukuta wa upande wa jikoni, ule tulioambiwa si mbaya, ukaanguka kuingia chumbani. Nimechungulia dirishani. Kabati la baba limesimama wima. Kitanda hakionekani.

Baadaye nikamuuliza mama mwenyewe. Nilimuuliza nini kilimfanya aite.

"Nilimwambia Kimya atoke," akasema. "Hakutoka. Akaketi chini, mgongo kwenye kitanda, kaziba masikio. Nikamwambia, kiapo je? Akaniambia, 'Bibi, nilidanganya.'" Mama akakung'uta vumbi mapajani. "Sasa ningefanya nini? Nimuue mtoto wa watu kwa ubishi wangu? Nikaita."

Kimya alikuwa ameketi kwenye kigoda cha fundi, magoti yamechubuka, anatazama mikono yake. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Sikumshukuru kwa maneno. Nilimfuta vumbi usoni kwa upindo wa nguo yangu, akaniacha nimfute.

Wifi alifika, kisha kaka, kaja kwa miguu kutoka ghalani, jasho limempitiliza shati. Alipomwona mama alisimama, akaweka mikono kiunoni akainama kama mtu anayetafuta kitu chini, akabaki hivyo mpaka pumzi zikamrudia. Wifi akamshika mgongo. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na vitu vyote vilikuwa ndani, nguo, chakula, dawa za mama. Wifi akamuuliza, "Sasa tunaingia kuchukua vitu, au tunangoja?"

Kaka akatazama nyumba. Akafungua mdomo, na nilijua sauti itakayotoka, ni ile ile ya mezani. Haikutoka. Akageuka.

"Mama," akasema, "wewe unaonaje?"

"Usiniulize mimi," mama akasema. "Mimi uamuzi wangu wa leo ulikuwa utuue wawili. Muulize huyu."

Kaka akamgeukia Kimya. Ana miaka miwili kwetu, na sijawahi kumsikia kaka akimuuliza kitu zaidi ya chai iko wapi. Akachuchumaa mbele ya kigoda ili wawe sawa.

"Unaonaje, mwanangu? Tuingie?"

Kimya akatazama paa. Akatazama ukuta wa sebule, akatazama paa tena, hakuwa na haraka, na sisi sote tukangoja, mkuu wa kaya, mkewe, mimi, mama na watu wa vyumba vitano.

"Bado," akasema.

Tukakaa. Mvua imeanza sasa hivi, fundi ametandaza turubai, na hakuna aliyeinuka.